Kayak nunueni, ukingo wa Lukuga muuache

Ndugu vijana wa Kalemie, na ninyi wa Uvira, Bukavu, Goma na Lubumbashi munaotusoma,

Kuna biashara moja iko inazunguka katika simu zetu. Mtu anatuma picha tatu. Ya kwanza ni mto, ya pili kibanda cha majani, ya tatu kayak mbili za rangi ya machungwa zimelazwa kwenye mchanga. Chini yake maneno ni yale yale kila mara: parseli pembeni ya maji, pamoja na kazi iliyokwisha kuanza, kayak, jileti, wateja, kila kitu ndani. Bei inazungumzwa. Haraka, kwa sababu kuna muzungu anaitaka. Kijana aliyemaliza chuo na hajapata kazi anaangalia ile picha usiku na kuanza hesabu: zamu yake ya likelemba, mjomba wa Lubumbashi, lile shamba la mzee kijijini ambalo pengine lingeuzwa. Kisha anatuandikia: "Wandugu, ninunue?"

Tumeulizwa mara nyingi, sasa tunajibu mbele ya wote. Kayak, nunua. Jileti, nunua, tena nunua nyingi kuliko kayak. Udongo wa pembeni ya maji, hapana. Na yule anayekuuzia ule udongo tuko na maneno naye, na ofisi inayomwekea muhuri tuko na maneno nayo zaidi.

Tuanze na kitu ambacho kila mmoja wetu alipaswa kufundishwa shuleni kabla ya kufundishwa mito ya Ulaya. Katika nchi hii hakuna mtu anayeuza udongo. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo ni mali ya Leta peke yake, hautoki mikononi mwake, na haupotei hata mtu akae juu yake miaka mingi namna gani. Unachonunua ni haki ya kutumia, na nyumba kama iko. Haki hiyo ina aina mbili. Ile isiyo na mwisho inapewa mtu wa nyama na damu, tena Mkongomani. Kampuni haipewi hiyo, hata kampuni ya Wakongomani watupu. Mgeni pia haipewi. Wao wanapewa ile ya kawaida, ya muda, na ile ndefu inayojulikana sana ni ya miaka 25 inayoweza kurudishwa upya.

Sasa rudi kwenye ile picha. Anakuambia unanunua "parseli pamoja na kazi", milele, wewe na watoto wako. Muulize: ile haki iko kwa jina la nani? Kama iko kwa jina la kampuni yake ya kayak, hakuna milele, kuna miaka, na pengine miaka mingi imekwisha kuliwa. Kama iko kwa jina lake mwenyewe, basi kazi ya kayak na parseli ni vitu viwili tofauti, na anakuuzia viwili kwa bei ya ndoto moja. Na kama haiko kwa jina la mtu yeyote (ndivyo ilivyo mara nyingi kuliko munavyofikiri), basi anakuuzia upepo wa ziwa.

Juu ya makaratasi pia tuseme wazi. Karatasi ya shefu wa kartie, ile fishi ya parseli, ile barua ya kuuziana iliyotiwa sahihi mezani na mashahidi wawili na chupa nne, zote hizo ni mwanzo wa njia. Kifungu cha 219 cha sheria ile ile kinasema haki ya kutumia udongo uliotolewa na Leta inasimama kwa cheti kimoja tu, kile tunachokiita sertifika, kinachotoka kwa konservateri. Na kifungu cha 227 kinaongeza jambo ambalo wajanja wamelisoma vizuri kuliko sisi: miaka miwili ikipita tangu cheti kitolewe, hakiwezi tena kushambuliwa mahakamani hivi hivi. Ndiyo maana wanakimbia. Ndiyo maana ukuta unapanda usiku, na bango la "Utalii" linawekwa mapema, na kayak mbili zinalazwa mchangani kabla hata mtu hajajua kupiga kasia. Wanangoja miezi 24 ipite huku sisi tunabishana juu ya mpira.

Halafu kuna sehemu ambayo hata cheti kizuri hakiigusi. Sehemu ya chini ya ziwa lolote, na ya mto wowote, masua ipite au isipite, ni ya matumizi ya watu wote. Ardhi ya namna hiyo haitolewi kwa mtu mpaka kwanza Leta yenyewe iiondoe katika matumizi ya wote kwa njia ya sheria. Haiondolewi kwa simu ya mkubwa, wala kwa kikaratasi cha komini.

Mtu atasema: sisi hatuuzi maji, tunauza ukingo. Vizuri. Tuonyeshe basi ukingo wa Lukuga uko wapi.

Lukuga si mto kama ile mingine. Ni mlango. Ziwa Tanganyika lina kilomita zaidi ya 650 kwa urefu, nchi nne zinalizunguka, mito inaingia kutoka kila upande, na mto unaotoka ni huu mmoja, hapa kwetu, Kalemie. Sehemu kubwa ya maji hupaa kwa jua, na inayobaki inapita hapa kwenda Lualaba. Wazungu walipokuja kuutazama katika miaka ya 1870 walibishana kama ni mto kweli. Cameron alifika 1874 akasema ziwa linatokea hapa. Stanley alifika 1876, akakuta majani na matope, maji karibu hayaendi. Miaka michache baadaye ziwa lilikuwa limepanda sana, likavunja ile takataka yote mlangoni, na mto ukafunguka kwa nguvu. Baadaye ziwa likashuka mita nyingi, kwa muda wa miaka isiyofika ishirini. Wazee wa hapa hawakuhitaji Stanley kuwaambia. Ukingo wa Lukuga unatembea.

Ulitembea tena mwanzo wa miaka ya 1960, ziwa lilipopanda mpaka likaingia mijini, na mwaka 1964 ulikuwa mbaya kuliko yote ya wakati ule. Ulitembea mbele ya macho yetu mwaka 2021, na tena 2024. Muliona wenyewe, hapa na kule Uvira: nyumba zilizokuwa mbali na maji zikawa ndani ya maji, bandari ya Kalundu ikawa bwawa, watu wakatoka na magodoro juu ya kichwa. Hakuna konservateri aliyeenda kupiga maji muhuri yarudi nyuma. Anayekuuzia parseli "mita kumi kutoka kwenye maji" anakuuzia mita kumi za mwezi wa tisa. Enda pale mwezi wa nne na futi yako mkononi, kisha mzungumze bei.

Katika mji wetu kila mtu anaijua hesabu ya mita kumi. Inatajwa katika kila ugomvi wa ukingo, Goma, Bukavu, hapa. Na kila mtu amekwisha kuona nyumba ya ghorofa iliyopandwa ndani ya hizo mita kumi, na gari ya Leta imesimama mbele ya lango lake. Hatutaki kusikia tena mita kumi zikisomewa mama anayeuza samaki wakati mwenye ghorofa hasomewi hata sentimeta.

Sasa tuje kwenye kayak yenyewe, kwa sababu hapo ndipo uongo unaonekana.

Kayak ya plastiki ya mtu mmoja ina uzito wa kilo 20, 25 hivi. Ya watu wawili inazidi kidogo, 30 na kitu. Zile za kujaza upepo unazikunja ndani ya mfuko na kupanda nazo pikipiki. Vijana wawili wanabeba kayak kwenye bega kutoka barabara mpaka kwenye maji bila hata kukatiza mazungumzo yao. Yaani kwa kazi hii unahitaji uwanja wa kulaza vyombo usiku, na huo unaweza kuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yako, mita mia tano kutoka ziwani, mbali na jua (jua ndilo linaua plastiki, linaipasua) na mbali na wezi. Unahitaji njia ya kushuka. Unahitaji mahali pa kusukuma chombo majini kwa dakika tatu. Basi. Mvuvi mwenye mtumbwi wa mbao, mzito mara nyingi kuliko kayak, amefanya kazi yake miaka yote hakununua ukingo.

Kwa nini basi mtu anayekodisha vyombo viwili vya kilo 25 ahitaji mita arobaini za ukingo, zenye ukuta, mlinzi na mbwa? Kwa sababu kayak si biashara yake. Kayak ni karatasi ya kufungia zawadi, na zawadi ni ule udongo. Leo ni "utalii wa vijana", kesho hoteli, kesho kutwa gati la mafuta au gereji ya masua ya mkubwa fulani, na zile kayak mbili zitakuwa zinapandwa maua ndani.

Hatusemi hivi kwa kuota. Kuna mahali fulani mjini hapa, hatupataji kwa sababu za usalama wa wale wanaohusika, ambapo vijana sita wa kwetu walikuwa wanashushia vyombo. Walikuwa na mitumbwi miwili na kayak moja ya kujaza, wameinunua kwa likelemba ya miezi mingi. Siku ya Jumapili walikuwa wanapeleka wachumba kwenye maji tulivu, wanafunzi, mara moja moja mfanyakazi wa shirika mwenye kofia kubwa. Makuta kidogo, lakini makuta safi. Walikuwa wanashukia njia ile ile ambayo mama zetu wanashukia na ndoo, wavuvi wanapandia na nyavu. Hakuna aliyemlipa mtu, hakuna aliyemzuia mtu.

Siku moja mawe ya mpaka yakatokea. Kisha nyaya. Kisha mlinzi. Vijana wakaenda ofisini kuuliza, wakaonyeshwa karatasi kwa mbali, kama mtoto anavyoonyeshwa pipi. Nakala hawakupewa. Jina hawakuambiwa. Waliambiwa tu kwamba kuna "projekti ya kayak", na kama ni vijana wazuri wanaweza kuomba kazi pale. Yaani watu waliokuwa na kazi yao wakaalikwa kuomba kazi ile ile kwa mtu aliyewafungia njia. Hilo ndilo wanaloliita kuleta ajira.

Na akina mama? Nyaya zilipofungwa walizunguka. Njia ya pili inapita juu ya mfereji wa maji machafu, wanachota karibu na pale mfereji unapomwagika. Kalemie na kipindupindu wanajuana muda mrefu, kila mganga wa hapa atakuambia. Bomba likikauka, ziwa ndilo bomba. Ukifunga njia ya ziwa unachagua nani atakunywa nini, na mkubwa aliyefunga anakunywa maji ya chupa. Hapo hatuzungumzi tena habari ya kayak wala utalii.

Wako wenzetu, tena wapiganaji wazuri, wanaotuambia: "Kama hatununue sisi, bakubwa batanunua." Ni neno lenye uzito na hatulidharau. Ni kweli wanauza. Ni kweli kijana wa hapa akiwa na parseli pale, angalau mama ataweza kupita. Lakini tuulizane. Nani kati yetu ana ile bei? Mmoja kwa mia. Huyo mmoja akinunua, anaingia katika mstari ule ule wa mawe, jirani yake kushoto ni mkubwa, kulia ni mkubwa, na siku atakapofungua lango lake kwa mama mwenye ndoo watamwambia anaharibu usalama wa mtaa. Tena jina lake zuri la kijana wa hapa litatumika: "Mnaona? Hata watoto ya mji bananunua, hakuna tatizo." Sahihi yake inakuwa sabuni ya kuoshea sahihi zao. Na siku ya kugombania ukingo wote urudi kwa watu, yeye atakuwa upande gani? Tunapenda wandugu wetu, hatutaki kuwaweka katika jaribu hilo.

Wengine wanasema tunachukia watu wenye kuleta makuta, tunataka mji ubaki nyuma. Hapana. Tunataka kayak nyingi kwenye ziwa hili! Tunataka mtoto wa Kataki ajue kuogelea na kupiga kasia, asiogope maji aliyozaliwa karibu nayo. Kule Tchegera, kisiwa kidogo cha Ziwa Kivu, hifadhi ya Virunga ilikuwa inatoa kayak kwa wageni, na watu walilipa kwa furaha. Kazi hii inawezekana Kongo. Tunachokataa ni kwamba ili watu kumi wapige kasia, watu elfu wafungiwe njia ya maji.

Kwa yule ambaye anataka kweli kazi, siyo ukuta, tuongee kidogo kama watu wa biashara.

Kama unanunua kazi iliyokwisha kuanza, nunua kazi. Tangu Septemba 2012 nchi yetu iko ndani ya sheria za OHADA, na kwa sheria hizo biashara inauzwa peke yake: wateja, jina, vyombo, hata haki ya kupanga mahali. Udongo hauhitaji kuwa ndani. Muulize muuzaji: wateja wako ni nani, walikuja mara ngapi, daftari liko wapi? Kama daftari halipo, wateja hawapo, unanunua plastiki iliyotumika. Geuza kila chombo tumbo juu, tafuta mipasuko, sukuma kwa kidole gumba pale jua linapopiga. Jileti, zitie majini zote, usiamini rangi. Uliza kama amejiandikisha kwenye gishe moja ya kufungulia biashara, na kama analipa patente, maana deni lake linaweza kukufuata.

Mahali pa kuweka vyombo, panga. Kwa OHADA mpangaji wa biashara aliyefanya kazi pale kwa miaka miwili kufuatana na mkataba wake anapata haki ya kudai mkataba urudishwe upya. Mwenye nyumba hawezi kumfukuza kama kuku. Kwa kijana asiye na mtaji, ulinzi huo ni mzuri kuliko cheti cha kutiliwa mashaka kwenye udongo unaotembea. Zile feza ulizotaka kuzika ukingoni, nunua chombo cha tatu, redio ndogo, kamba, na mlipe mvuvi mzee awafundishe.

Huyo mvuvi, msimdharau. Desemba 2010, Hendri Coetzee, mtu wa Afrika Kusini aliyejua mito mikubwa ya Afrika kuliko karibu kila mtu wa kizazi chake, alikuwa anashuka Lukuga hii hii kwa kayak pamoja na Wamarekani wawili. Mamba alimvuta kutoka ndani ya kayak, wenzake wakiwa karibu, hakuonekana tena. Kwenye picha ya kuuza parseli hakuna mamba. Hakuna kiboko. Hakuna ule upepo wa kiangazi unaotoka kusini na kugeuza ziwa kuwa milima. Hakuna mkondo pale ziwa linapoingia mtoni, unaokuvuta polepole wakati unapiga selfi. Mvuvi anajua saa, anajua majani gani usiyakaribie, anajua lini unasema "leo hapana" na kurudisha makuta ya mteja. Bila huyo, hata uwe na kilomita nzima ya ukingo, siyo kazi unayofungua.

Na jileti. Tarehe 3 Oktoba 2024 masua iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, Goma, watu wamesimama kando wanaangalia. Hatutaki kijana wetu yeyote aongeze jina katika orodha ya namna hiyo eti kwa sababu alimaliza feza kwenye ukuta akakosa za jileti.

Sasa tunasema na wakubwa.

Ofisi ya vyeti vya ardhi na ya kadasta: bandikeni ukutani orodha ya parseli zote za ukingo wa ziwa na wa Lukuga mlizogawa, namba ya cheti, tarehe, aina ya haki. Tarehe hasa. Tunataka kujua zipi bado hazijatimiza miaka miwili. Msituambie ni siri. Udongo ni wa Leta, na Leta ni sisi tunaolipa kodi mpaka kwenye ndizi.

Meya na wakuu wa komini ya Lac na komini ya Lukuga: chorea mji njia za maji. Kila mtaa unaofika kwenye maji uwe na njia yake isiyofungwa, yenye upana wa watu wawili waliobeba kayak wakipishana na mama mwenye ndoo. Wavuvi na vijana wa vyombo wakilipa kitu kidogo kwa kutumia mahali pa kushushia, walipe kwa risiti, bei ibandikwe.

Wabunge wa jimbo: Kalemie ni makao ya jimbo tangu 2015. Muko hapa hapa, munaliona ziwa kutoka madirishani. Muulizeni gavana mbele ya kamera, na mutuletee jibu lake.

Wauzaji: futeni zile picha.

Na wewe unayesoma. Katiba, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia wakuu ombi, peke yake au na wenzake, na wakuu wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ombi letu limekwisha kuandikwa, kurasa mbili, linazunguka mikononi kwa sahihi: sokoni, kwenye maegesho ya pikipiki, kwenye vyuo, kwenye gati. Soma kabla ya kutia sahihi. Kama una karatasi ya mauzo ya ukingo, ya kwako au ya jirani, piga picha utuletee mkononi, usiitume kwenye grupu. Jina lako tutalificha.

Kifungu cha 26 kinatudai kujulisha kwa maandishi, hakitudai kuomba ruhusa. Barua imefika ofisini kwa meya, nakala yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, tunakutana mbele ya posta. Tutabeba mitumbwi miwili na ile kayak ya kujaza, tutashuka nayo kwa njia ile ya zamani mpaka kwenye nyaya, tutakaa chini. Hakuna anayegusa nyaya, hakuna anayemtukana mlinzi. Yeye ni mtoto wa mama kama sisi na mshahara wake anaudai miezi. Akina mama waje na ndoo zao. Mwenye jileti aje nayo, hata iliyopasuka.